Boksi la Mwisho la Orrin

Wisdom, Montana
9 Agosti 1998

Shemeji Merle,

Nakuandikia kwa sababu simu hukuisikia. Nilikupigia wiki iliyopita, ukaniambia asante, hununui kitu, ukakata. Mwanao Curtis ndiye aliyenieleza kwamba masikio yamekwisha kabisa. Basi tuandikiane, kama watu wa zamani tulivyo.

Nashukuru kwa kadi ya rambirambi. Orrin tumemlaza kule juu karibu na mama yake, mahali penye upepo. Watu walikuja wengi. Akina mama wa kanisa wameniletea makaroni ya kuoka mpaka mengine nimewapa kuku, na kuku nao wamechoka. Siku hizi naosha sahani moja na kikombe kimoja. Kazi inakwisha hata wimbo wangu haujaanza.

Nina swali la fani yenu. Kwenye kibanda chake, juu ya meza ya kujazia risasi, nimekuta boksi moja la risasi za bunduki yake ya kuwindia. Alizijaza mwenyewe majira ya baridi yaliyopita. Ndizo za mwisho mikono yake kutengeneza. Sasa sikiliza, na usicheke: nimekata kibali cha kuwinda. Mume wangu aliniomba kila Oktoba twende wote mlimani, na kila Oktoba nikamwambia nina kazi. Wewe unaijua sababu. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alinipa ile bunduki nilenge kopo, ikanipiga teke, bega likawa la zambarau wiki nzima na zaidi. Nikaapa sitaigusa tena. Sasa nataka kwenda mara moja tu, na nataka kwenda na risasi zake, si za dukani.

Niambie kama naweza kuzifyatua.

Verna Hegstad


Mesa, Arizona
17 Agosti 1998

Shemeji Verna,

Kumbe yule mama wa simu alikuwa wewe. Nilidhani ni wale wanaouza bima ya meno, na meno yenyewe sina. Nisamehe.

Sikucheka. Nilikaa na barua yako muda mrefu hapa kwenye meza yangu ya kazi, mashine ya kujazia risasi iko mbele yangu, nikawaza namna ya kukujibu bila kukukwaza.

Sisi tunaojaza risasi wenyewe tuna sheria moja ambayo hata mlevi anaiheshimu: hufyatui risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Mimi na Orrin tumewinda pamoja, tumelala hema moja miaka thelathini. Nimevaa soksi zake. Nimekunywa kahawa yake, na hiyo kahawa ilihitaji moyo. Lakini risasi yake sijawahi kuitia kwenye bunduki yangu, na yeye hakuwahi kutia yangu. Si dharau. Baruti ikizidi kidogo, chuma kinapasuka usoni kwako. Kila bunduki ina kipimo chake, na anayekijua ni yule aliyehangaika nacho: akajaza kidogo, akaenda kufyatulia karatasi, akarudi, akaongeza chembe, akaenda tena, mpaka matundu yakakaa pamoja. Hiyo kazi huwezi kuiona kwa macho ukishika risasi iliyokwisha fungwa.

Ila kwako naona njia. Bunduki ni yake, risasi ni zake, na Orrin alikuwa mtu wa kupima mara mbili halafu akapima tena kwa sababu hakujiamini. Tazama boksi. Lazima amebandika utepe, ameandika baruti gani, kiasi gani na tarehe. Kama utepe upo na alikuwa mzima alipozijaza, zifyatue na mimi ndiye niliyekuruhusu.

Niambie, alikuwa mzima?

Huku joto linakausha mate. Majirani wanakwenda kuchukua barua zao kwa vigari vya gofu. Sanduku lenyewe liko hatua chache tu.

Merle Kinsey


Wisdom
26 Agosti 1998

Merle,

Utepe haupo.

Umeniuliza swali moja, na ni hilo hilo ambalo nimewakwepa watu wote wa bonde hili. Nitakujibu wewe kwa sababu uko mbali na husikii simu.

Hakuwa mzima. Ilianza mwaka jana, nyasi zilipokuwa zinakatwa, kabla hujauza nyumba na kuhama. Alikuwa akisimama katikati ya kibanda akitafuta koleo alilolishika mkononi. Kufikia Krismasi jina langu lilikuwa limemtoka. Aliniita bibi. Alinishukuru kwa chakula kama mtu aliyepanga chumba, kisha jioni moja akaniuliza kwa adabu kabisa, bibi, mumeo anakuja kukuchukua saa ngapi, maana barafu inaanguka. Nilimwambia anakuja sasa hivi.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa namvalisha, nampeleka kanisani, namkalisha pembeni ya ukuta, na akisalimiwa namjibia mimi. Watu wakasema Orrin siku hizi mkimya. Binti yetu Joleen mwenyewe hakujua mpaka Februari. Orrin alikuwa na fahari yake, na mimi niliilinda, labda kupita kiasi.

Ila kibandani alikuwa anakwenda kila siku. Hilo sikulizuia, maana akiwa kule alikuwa ametulia. Nilikuwa nasikia milio kule kwenye shimo la kokoto, nasema haya, anapoteza baruti, potelea mbali. Halafu Februari akachukua msumeno akakata kitako cha bunduki. Ile bunduki, Merle, aliyokuwa anaipaka mafuta kuliko mimi ninavyopaka mikono yangu. Akaondoa kipande kizima cha mti. Kesho yake akatoka kufyatua na akarudi pua inachuruzika damu mpaka kwenye shati, kwa sababu kitako kilikuwa kifupi na kidole gumba chake kikampiga usoni. Na alikuwa anatabasamu. Hapo niliogopa. Baada ya siku chache nikatoa komeo la bunduki, lile pande la chuma ambalo bila hilo haifyatuki, nikalificha, kama Joleen alivyonishauri. Alilitafuta mpaka anakufa. Alifungua kila droo ya nyumba hii, kila siku, na mimi nimekaa nafuma nimemtazama.

Kwa hiyo sijui. Kama hizi risasi amezijaza sawasawa, basi alikuwemo humo ndani mahali fulani, mume wangu, na mimi nilikuwa naye. Kama amezivuruga, basi majira yote ya baridi nilikaa na mgeni. Hicho ndicho ninachotaka kujua. Kuwinda ni kisingizio tu.

Verna


Mesa
4 Septemba 1998

Shemeji,

Pole. Nimeandika hilo neno nikalitazama na naona halitoshi.

Mimi niliondoka huko Oktoba na sikuona kitu. Alikuja uani kwangu siku ninapakia gari, tukataniana kama kawaida. Nimekasirika na wewe kidogo kwa kunificha. Nimejikasirikia mimi zaidi, basi tuyaache.

Sasa fanya ninavyokwambia na usiongeze lako. Usifyatue hata moja. Mtu ambaye akili inamtoka anaweza kujaza baruti mara mbili kwenye ganda moja, au kuchukua mkebe usio wenyewe, na bunduki haina huruma na mjane. Zing'oe zote. Kwenye ukuta wa kibanda kuna nyundo ya plastiki yenye tumbo lililo wazi. Unaingiza risasi humo, unafunga, unagonga kwenye gogo, na kichwa cha risasi kinachomoka pamoja na baruti yake. Vaa miwani. Usiwe na sigara wala jiko karibu. Baruti ya kila moja iweke kwenye mzani wake mdogo, uone. Ukimaliza, mwaga yote kwenye bustani. Maua yanaipenda, sijui kwa nini.

Ili uweze kulinganisha: risasi ya Orrin ya siku zote ilikuwa na kichwa kizito, na baruti ya chembe ndefu ndefu inayofika karibu na shingo ya ganda. Ukiitikisa sikioni husikii kitu. Ukisikia mchakacho, ujue ameteleza.

Natamani ningekuwa hapo nikugongee hiyo nyundo.

Merle


Wisdom
13 Septemba 1998

Merle,

Nimemaliza.

Nilizitikisa kwanza, na zote zinachakacha. Sikungoja nyundo kujua maana yake, lakini uliniambia nisiongeze langu, basi nikagonga. Baruti imefika katikati ya ganda tu, nusu imebaki hewa. Vichwa navyo si vile unavyovisema. Nimeviweka kwenye mzani pamoja na vile vizito vilivyobaki kwenye droo, na hivi ni vyepesi kwa mbali. Amekosea kila kitu. Nilikuwa naomba Mungu hata moja tu iwe sawa, moja ya bahati, lakini wapi. Zote zimekosewa vile vile, chembe kwa chembe. Mzani ulikuwa unasimama kwenye mstari ule ule mpaka nikadhani umekwama, nikaugusa kwa kidole.

Hata baruti siyo yake. Ni fupi fupi, kama majani ya chai yaliyosagwa. Mkebe wa baruti hiyo nimeukuta chini ya meza, umezungushiwa utepe wa kijani. Hajawahi kuwa na utepe wa kijani, yeye alikuwa na mweupe. Sijui aliutoa wapi.

Basi jibu ninalo. Baruti nimemwaga kwenye maua ya mbele. Nilibakiza risasi moja, si kwa sababu yoyote, mkono ulichoka na jirani akaja na makaroni mengine. Iko kwenye dirisha la jikoni. Kibali nitakirudisha kama wanapokea, na kama hawapokei nitakitia moto.

Asante kwa kunifundisha. Inatosha sasa, usihangaike kunijibu. Najua una meza yako na kazi zako.

Verna


Mesa
19 Septemba 1998

Verna,

Usirudishe kibali. Keti kwanza, kisha soma polepole, maana na mimi naandika polepole.

Utepe wa kijani ni wangu.

Siku ile ninapakia gari, Orrin alikuja uani na akaniuliza kama nina baruti laini, ya kujazia risasi isiyopiga teke. Nilimwuliza, ya nini, umezeeka? Akasema si yangu, ni ya mtu ambaye bega lake halijazoea. Nikamwuliza, nani huyo. Akasimama. Nilimwona anatafuta, midomo inakwenda, nikadhani ananitania, unajua tulivyokuwa. Mwisho akasema, yule anayeimba akiosha vyombo.

Nilicheka, Verna. Nikamwambia, mzee, yule ana jina, na akikusikia atakunyima chakula. Naye akacheka. Nikampa mkebe, maana sikuweza kusafiri nao, na nikamweleza kwa mdomo namna ya kuanza: kichwa chepesi, baruti nusu ya ganda, halafu apande kidogo kidogo kwa kufyatua, mpaka bunduki iridhike. Nusu ya ganda, Verna. Hiyo baruti ndivyo inavyotakiwa kukaa. Mchakacho wake si kosa. Nilipokuandikia sikuwaza kwamba amejaza kitu kingine zaidi ya kile nilichokizoea miaka yote. Nilikuwa na haraka ya kukuepusha na hatari, na nimekufanya umwage kazi yake kwenye maua.

Na wewe mwenyewe umeniandikia ushahidi bila kujua. Mtu aliyevurugikiwa hakosei namna ile ile kila mara. Angejaza moja ikafurika, nyingine tupu, ya tatu akasahau kuitia kichwa. Mzani ukisimama mahali pamoja kwa boksi zima, hapo kuna mtu anajua anachokifanya na anakirudia.

Sasa fanya haya. Chukua bunduki, kunja mkono wako wa kulia, weka kitako kwenye kiwiko kwa ndani, uone kidole chako kinafika wapi. Fundi ndivyo anavyompimia mtu bunduki. Kama kidole kinakaa kwenye kifyatulio bila kujinyoosha, basi alikata kwa kipimo chako, na pua yake ilipasuka kwa sababu alikuwa anaijaribu bunduki ambayo si yake tena. Halafu nenda kibandani utafute karatasi za shabaha. Hakuna anayejaza risasi akatupa karatasi zake. Zitazame kuanzia za mwanzo.

Kuna jambo jingine. Sina meza hapa. Niliuza mashine, bunduki, kila kitu, kabla sijaondoka. Mke wa Curtis hataki silaha ndani ya nyumba, na nyumba ni yake. Barua zako nazijibia juu ya mashine ya kufulia, ndipo penye mlango unaofungwa. Nilikudanganya kwa sababu kwa siku chache mtu aliniuliza kitu ninachokijua.

Ile moja iliyobaki ifyatue. Kama hizo nyingine zililingana, na hiyo ni ndugu yao. Mimi ningeitia bunduki bila kufikiri mara mbili, na unajua ninavyoziogopa risasi za wenzangu. Sheria yetu inasema usifyatue risasi ya mtu mwingine. Hiyo ni yako. Ilikuwa yako tangu uani kwangu.

Merle


Wisdom
2 Oktoba 1998

Merle,

Barua yako niliisoma nimesimama, ingawa uliniambia nikae.

Bunduki inanienea. Kidole kinafika penyewe. Nilishika ile bunduki nikaitazama, nikakumbuka siku ya msumeno nilivyompigia kelele, na yeye akasema pole bibi, akafagia unga wa mbao.

Karatasi nimezikuta nyuma ya pipa la misumari, amezipanga kwa kibanio cha nguo. Za mwanzo matundu yamesambaa, moja huku, jingine nje ya duara kabisa. Kisha yanakaribiana. Karatasi moja ina tone la damu pembeni, hiyo najua ni ya siku gani. Ya mwisho ina matundu matatu yanayogusana, ukiweka sarafu juu yake huyaoni. Amejenga kitu hiki majira yote ya baridi, kwenye theluji, kwa mtu ambaye alikuwa hakumbuki anaitwaje. Na mtu mwenyewe alikuwa jikoni, hatua chache, analia kwa sababu amesahauliwa.

Komeo lilikuwa kwenye pipa la unga wa ngano. Alifungua kila kitu humu ndani isipokuwa hilo, kwa kuwa lilikuwa langu na hakuwa mtu wa kugusa vitu vya mpishi. Nililipangusa kwa aproni.

Nilikwenda kwenye shimo la kokoto asubuhi ya leo. Baridi imeanza, milima ina weupe juu. Nilibandika ile karatasi yake ya mwisho, nikaweka mfuko wa mchanga aliokuwa akiutumia, una shimo la kiwiko chake. Nilitia risasi moja, hiyo hiyo. Nilivuta pumzi kama alivyonifundisha mwaka ule wa kopo, na niliogopa kama mwaka ule.

Tundu langu limeangukia pembeni kidogo ya yale matatu. Karatasi nakuwekea humu uione, halafu unirudishie. Mkebe wako bado una baruti nyingi na vichwa vyepesi viko kwenye droo. Njoo kwa basi kabla msimu haujafungwa, unikalishe mezani unifundishe kujaza. Chumba kipo, na kahawa yangu si kama yake. Mwambie mke wa Curtis unakwenda kanisani.

Hujaniuliza kuhusu bega. Baada ya kufyatua sikuinuka. Nilikaa pale kwenye kokoto muda mrefu, nimelishika kwa mkono wa kushoto, nangoja lianze kuuma, nalisubiri kabisa, mpaka jua likapanda na kahawa ikapoa kwenye chupa.

Halikuuma, Merle.

Verna